Maji Yanayosahaulika Ndani ya Kiyoyozi

Ukisikiliza watu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wakizungumzia viyoyozi vyao, utasikia mambo mawili tu: kinapoza au hakipozi, na kinakula umeme kiasi gani. Fundi akiitwa, anaanza na gesi. Mwenye nyumba akilalamika, analalamikia umeme wa Luku. Maji hayaingii kwenye mazungumzo mpaka siku yatakapoanza kudondokea kitandani. Makala haya yanadai kwamba tumekuwa tukiipima mashine hii kwa vipimo visivyotosha. Katika hewa ya pwani yetu, kiyoyozi kinakamua maji kutoka hewani kila dakika kinapofanya kazi, na familia inayojali baridi yake bila kujua maji yake yanakwenda wapi inakaribisha kuvu chumbani. Kisha inahangaika na vikohozi, mafua yasiyoisha na pumu ya watoto, huku ikitafuta sababu mahali pasipo na sababu.

Tuanze na kiasi cha maji yenyewe, maana wengi hawakidhanii. Hewa yenye nyuzi 30 za joto na unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida kabisa Dar es Salaam kuanzia Februari mpaka masika yanapokolea, hubeba zaidi ya gramu 22 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa hiyo hiyo ikipozwa hadi nyuzi 10 haiwezi kubeba hata gramu 10. Zinazozidi lazima ziwe matone, kwa sababu ile ile inayofanya chupa ya soda itoke jasho ikitolewa kwenye friji na kuwekwa mezani. Koili iliyo ndani ya kiyoyozi ina ubaridi unaokaribia ule wa friji, kwa hiyo inatoka jasho muda wote mashine inapopoza. Kiyoyozi cha chumbani cha BTU 12,000 kinaweza kutoa lita moja ya maji kwa saa katika hewa ya namna hii, na zaidi iwapo dirisha limeachwa wazi au mlango unafunguliwa kila mara. Kikiwashwa saa mbili usiku na kuzimwa saa kumi na mbili asubuhi, maji yake yanafika nusu ya dumu la lita 20. Ndiyo maana kwenye varanda na korido za maghorofa ya Kariakoo na Upanga utakuta ndoo zimetegwa chini ya vibomba vyembamba vya plastiki. Hizo ndoo ni dalili njema, kwani maji yanayoonekana kwenye ndoo angalau yametoka nje. Ya kuhofiwa ni yale yanayobaki.

Nayo hubaki sehemu kadhaa. Zima umeme wa mashine, inua mfuniko wake wa mbele, toa machujio mawili ya wavu, kisha umulike kwa tochi. Nyuma ya machujio kuna mapezi membamba ya alumini yaliyosongamana. Kati yake maji hunasa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa. Chini yake kuna trei ya kukusanyia maji, na mara nyingi trei hiyo haina mwinamo wa kutosha kwa sababu aliyeifunga mashine hakutumia pima maji, hivyo upande mmoja hubakiwa na dimbwi. Sasa mulika kupitia mdomo unaotoa hewa. Utaiona ngoma ndefu ya feni yenye mapezi ya plastiki. Kwenye mashine iliyotumika misimu kadhaa bila kusafishwa ndani, kila pezi lina vidoadoa vyeusi, na juu ya vidoa hivyo kuna utando wa vumbi lililolowa. Ukipitisha kijiti cha pamba, kinatoka na uchafu mweusi unaoteleza. Hewa yote ambayo mtoto anaivuta usiku kucha imepita hapo, baada ya chujio, si kabla yake. Chujio la wavu hunasa nywele na nyuzi za nguo. Mbegu za kuvu ni ndogo mno na hupita bila kizuizi.

Kuvu haihitaji mengi. Inataka maji, na chakula chake ni vumbi la kawaida la nyumbani: ngozi iliyopukutika, pamba ya shuka, mvuke wa mafuta unaotoka jikoni. Mbegu zake ziko hewani kila mahali, zikingoja tu mahali penye maji. Jamii zinazopatikana mara kwa mara ndani ya viyoyozi ni Cladosporium, Penicillium na Aspergillus, zile zile zinazoota kwenye mkate na maganda ya machungwa. Ule uvundo unaosikika dakika chache za kwanza baada ya kuwasha ni pumzi ya viumbe hao. Baadaye harufu hupungua, na watu hudhani tatizo limekwisha. Vipimo vilivyofanywa kwenye nyumba za Japani vilionyesha kwamba mbegu za kuvu hutoka kwa wingi mashine inapowashwa tu, kisha hupungua kadiri feni inavyoendelea kuzunguka. Harufu inayopotea ina maana kwamba sehemu kubwa ya uchafu wa siku hiyo imeshahamia chumbani, juu ya mito, mapazia na godoro.

Kuta nazo zina hesabu yake, na hapa ndipo tabia ya kushusha rimoti hadi nyuzi 16 inapotugharimu bila sisi kujua. Ile hewa ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande ikigusa kitu chochote chenye ubaridi wa nyuzi 25 au chini yake. Chumba kilichopozwa usiku kucha kwa nyuzi 16 au 18 kina kuta, dari na kabati zenye ubaridi ulio chini kabisa ya mstari huo. Asubuhi mlango unafunguliwa, hewa nzito ya korido inaingia, nayo inatoa jasho juu ya kila kilichopoa. Upande wa pili wa ukuta, kwenye stoo au chumba cha jirani kisicho na kiyoyozi, umande hutokea hata bila mlango kufunguliwa. Ndiyo sababu kuvu huonekana kwanza nyuma ya kabati la nguo, kwenye kona ya dari, na kwenye viatu vya ngozi vilivyokaa muda bila kuvaliwa. Mtu akiweka rimoti kwenye nyuzi 26 na kuacha pangaboi likizunguka taratibu juu yake, atalala vizuri, na kuta zake zitabaki juu ya mstari wa umande. Ni tofauti ya namba kwenye rimoti tu, lakini inaamua kama ukuta utalowa au utabaki mkavu.

Ujenzi wetu wa sasa unaongeza mzigo. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikawa na kuta nene, dari za boriti zilizo juu na uwanda wa ndani unaovuta hewa. Unyevu uliingia, na ukapata njia ya kutoka. Leo tunajenga kwa tofali za saruji, tunaweka madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi ambayo hata yakifunguliwa yote huacha nusu tu ya nafasi, na dari tunazipamba kwa jipsam. Ubao wa jipsam umevikwa karatasi, na karatasi iliyolowa ni chakula kizuri sana cha kuvu. Kisha tunanunua mashine kubwa kupita chumba, kwa imani kwamba BTU 18,000 ni bora kuliko 9,000. Mashine kubwa kupita kiasi hupoza chumba haraka, kompresa ikajizima kabla hewa haijakaushwa, huku feni ikiendelea kupuliza juu ya koili iliyolowa na kuyarudisha maji chumbani. Watafiti wa Florida, jimbo lenye joto na unyevu unaofanana na wetu, walilipima jambo hili miaka ya 2000 na kuthibitisha kwamba mashine inayowaka na kuzimika mara kwa mara huku feni ikizunguka bila kusita hukausha hewa kidogo sana. Matokeo yake ni chumba chenye baridi na unyevu kwa pamoja, na mtu anayelala humo huamka shuka zikiwa zimenyong'onyea.

Sasa afya. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu majumbani, baada ya kupitia tafiti zilizokuwepo. Lilihitimisha kwamba kuna ushahidi wa kutosha kuwa wanaoishi katika majengo yenye unyevu au kuvu wana hatari kubwa zaidi ya kupata dalili za mfumo wa hewa, maambukizi ya njia ya hewa, na pumu yao kuzidi. Miaka miwili kabla yake, watafiti wa Marekani wakiongozwa na William Fisk walikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kukuta kwamba unyevu na kuvu nyumbani huambatana na ongezeko la kati ya asilimia 30 na 50 la matatizo ya kupumua na ya pumu. Mtu anaweza kusema kuambatana si kusababisha: huenda nyumba zenye unyevu ni za watu maskini wenye shida nyinginezo. Ni pingamizi halali, na jibu lake liko katika majaribio ambapo unyevu uliondolewa kisha watu wakafuatiliwa. Huko Cleveland, Marekani, watoto 62 wenye pumu waliokuwa wakiishi katika nyumba zenye kuvu waligawanywa makundi mawili. Nyumba za kundi moja zikarekebishwa ili unyevu ukome, za kundi la pili zikasubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba baada ya marekebisho, mtoto 1 kati ya 29 ndiye aliyezidiwa na pumu, ilhali katika kundi lililosubiri walizidiwa 11 kati ya 33. Idadi si kubwa, lakini watoto wote walikuwa wakipata matibabu yao kama kawaida. Kilichotofautisha makundi hayo ni maji kwenye nyumba.

Ushahidi unaoigusa mashine ya kupoza yenyewe nao upo, na ni wa siku nyingi. Mwaka 1970 jarida la tiba la New England lilichapisha taarifa ya madaktari wa Marekani kuhusu wafanyakazi wa ofisi moja: 4 kati ya 27 walikuwa wakipata homa, kikohozi na kubanwa pumzi, na chanzo kikapatikana ndani ya kiyoyozi cha ofisi, kilichokuwa kimeota vimelea. Mapafu yao yalikuwa yakivimba kwa mzio kila walipoingia kazini. Jaribio lililo safi zaidi ni la Montreal, Kanada, lililochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2003. Katika majengo matatu ya ofisi watafiti walifunga taa za mionzi ya urujuanimno zikamulika koili na trei za maji za mitambo ya kupoza. Taa ziliwashwa na kuzimwa kwa zamu kwa karibu mwaka mzima, na wafanyakazi zaidi ya 700 waliokuwa wakijaza madodoso hawakujua lini zimewashwa. Vimelea juu ya sehemu zilizomulikwa vilipungua kwa asilimia 99, na malalamiko ya kifua yakapungua kwa takriban asilimia 40. Hewa, joto, samani, kazi na wakubwa wa kazi vilibaki vile vile. Kilichobadilika ni uhai uliokuwa ukiota kwenye sehemu ile yenye maji. Ofisi si chumba cha kulala, ni kweli. Ila mtoto mchanga hulala saa nyingi kuliko saa za ofisi, katika chumba kidogo, na mapafu yake bado yanakua.

Si kila mtu hudhurika sawa, na hilo ndilo linalofanya tatizo lisitambulike ndani ya familia. Baba analala chumba hicho hicho na hasikii chochote. Mtoto anaamka pua zimeziba, macho yanawasha, kifua kinapiga filimbi. Mwenye pumu au mzio ndiye anayetangulia kuonja. Lipo kundi jingine ambalo katika nchi zetu halipaswi kusahauliwa: watu waliougua kifua kikuu wakapona. Kifua kikuu huweza kuacha mashimo kwenye mapafu, na kuvu ya jamii ya Aspergillus huweza kuota ndani ya mashimo hayo, ikaleta kikohozi cha muda mrefu, kukonda na hata kutema damu. Dalili hizo zinafanana sana na za kifua kikuu, na wagonjwa wengine huanzishiwa upya dawa za kifua kikuu ambazo haziwezi kuwasaidia. Kuna pia wenye kinga iliyoshuka, wakiwemo wanaotibiwa saratani. Kwa watu kama hao, chumba chenye kuvu ni cha kuepukwa, na daktari anayemhudumia mmoja wao ana kila sababu ya kumuuliza analala wapi na chini ya mashine gani.

Pingamizi linalosikika zaidi mitaani ni kwamba baridi yenyewe ndiyo inayoumiza: kiyoyozi kinaleta mafua, kinaleta nimonia, mfunike mtoto. Kuna chembe ya ukweli hapo, kwani hewa baridi na kavu inaweza kuamsha pumu kwa mtu aliyekwisha kuwa nayo, na feni inayopuliza moja kwa moja usoni hukausha koo. Lakini mafua huletwa na virusi, na nimonia huletwa na vimelea. Baridi ya nyuzi 22 haizai kimojawapo. Madhara ya imani hii ni kwamba inafunga uchunguzi. Mzazi akishasema ni baridi, anaongeza blanketi, anapaka mafuta ya kuchua kifuani, kisha anarudi duka la dawa kuchukua amoksilini kwa mara nyingine, dawa isiyogusa mzio wala kuvu. Mfuniko wa mashine haufunguliwi. Dalili inayosaidia kutofautisha ni mwenendo wa ugonjwa: kikohozi kinachozidi usiku na alfajiri katika chumba kimoja, kinachotulia familia ikisafiri kwenda kijijini na kurudi ndani ya siku chache baada ya kurejea, kinaelekeza kidole kwenye chumba.

Wengine watauliza mbona watoto wa nyumba zisizo na kiyoyozi nao wanakohoa. Wanakohoa, na wengi kwa sababu mbaya zaidi. Moshi wa mkaa na kuni ndani ya nyumba unaua watu wengi kuliko kuvu itakavyoua, na anayetaka kupunguza vifo vya watoto kwa nchi nzima aanze na jiko. Ila ukubwa wa tatizo moja hauliondoi jingine, na hili la viyoyozi linakua. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2018 kwamba dunia ilikuwa na viyoyozi bilioni 1.6, na kwamba vitafika bilioni 5.6 ifikapo mwaka 2050, sehemu kubwa ya ongezeko ikiwa katika nchi za joto. Mashine iliyokuwa ya hoteli na mabenki sasa iko kwenye nyumba za walimu na wafanyabiashara wadogo, kwenye madarasa ya chekechea na kwenye mabasi ya abiria. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai, ambao miezi kadhaa ya mwaka hawawezi kuishi bila kiyoyozi, wanajua kwamba usafishaji wake ni gharama ya kudumu ya nyumba kama ilivyo bili ya maji. Sisi tumeinunua mashine, lakini desturi ya kuitunza bado hatujaijenga.

Upande wa pili wa hoja wako wanaotia chumvi. Mitandao imejaa video zinazosema kuvu nyeusi ni sumu inayoharibu ubongo na kuua watoto usingizini. Habari hiyo ina asili yake: miaka ya 1993 na 1994 watoto wachanga kadhaa wa Cleveland walivuja damu mapafuni, na kuvu nyeusi iitwayo Stachybotrys ikashukiwa. Lakini mwaka 2000 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kiliupitia upya uchunguzi huo na kusema uhusiano haukuthibitishwa. Rangi ya kuvu haikuambii ukali wake, na kupeleka sampuli maabara kwa fedha nyingi ili kujua jina lake hakubadilishi kinachotakiwa kufanywa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wenyewe haukuweka kiwango salama cha kuvu hewani. Ulisema ondoa unyevu. Anayemtisha mama kwa hadithi za sumu anamfanya ama achanganyikiwe, ama apuuze kila kitu siku atakapogundua ametiwa chumvi. Ukweli ulio mdogo zaidi unatosha: kuvu huzidisha pumu, huchochea mzio, hufungua njia kwa maambukizi, na inazuilika.

Wala makala haya hayamwambii mtu ang'oe mashine. Joto huua. Watafiti wa uchumi walioangalia vifo vya Marekani kwa karne nzima iliyopita walionyesha mwaka 2016 kwamba madhara ya siku za joto kali kwa vifo yalipungua kwa karibu asilimia 75 baada ya mwaka 1960, na kwamba kiyoyozi ndicho kilicholeta sehemu kubwa ya nafuu hiyo. Mzee mwenye shinikizo la damu na mama mjamzito wanastahili usingizi usio na jasho mwezi Februari. Kiyoyozi kilicho safi, chenye ukubwa unaolingana na chumba, hupunguza unyevu na hivyo kuzuia kuvu. Mashine ile ile inaweza kukausha chumba au kukilowesha, ikitegemea ilivyofungwa na inavyotunzwa.

Atakayesema yeye hafanyi mzaha, anafanya sevisi kila baada ya miezi michache, na aangalie sevisi hiyo ina nini ndani yake. Kwa kawaida fundi anafika na mashine ya kupulizia maji, anaosha kipande cha nje mpaka kinang'aa, anasuuza machujio bombani, anapima gesi, anasema imepungua, anajaza, anapokea fedha, anaondoka. Gesi haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na ikipungua kuna mahali inapovuja. Kujaza bila kutafuta tundu ni kulipia kitu kile kile kila mwaka. Wakati huo huo ngoma ya feni haijaguswa, trei haijafunguliwa, bomba la maji halijazibuliwa. Sevisi yenye faida kwa kifua cha mtoto ni ile ambayo fundi anatandika mfuko wa plastiki kuzunguka kipande cha ndani, anafungua mpaka ngoma ionekane, anaosha koili, ngoma na trei kwa dawa ya kusafishia koili, anamwaga maji kwenye trei na kuhakikisha yote yanatokea mwisho wa bomba nje. Mwite wakati ukiwa nyumbani, simama naye, mulika tochi kabla na baada. Kama maji yanayomwagika kwenye mfuko wa plastiki hayakuwa meusi mara ya kwanza, hajafika ndani. Machujio mwenye nyumba anaweza kuyaosha mwenyewe kila wiki mbili, kwa maji na sabuni, akayaanika kivulini.

Kati ya sevisi na sevisi, kazi kubwa ni kuikausha mashine. Asubuhi, chumba kikiwa kimelala kwenye zile nyuzi 26, badala ya kuizima ghafla na kufunga chumba, fungua madirisha, weka rimoti kwenye alama ya feni peke yake kwa nusu saa, ili maji yaliyonasa kwenye koili yapate njia ya kwenda nje. Siku za masika zenye unyevu bila joto kali, tumia alama ya tone la maji iliyo kwenye rimoti nyingi. Hukausha bila kupoza sana. Kipimo kidogo cha unyevu cha kuweka mezani si ghali, na kinasema zaidi ya pua: kikikaa juu ya asilimia 60 siku nyingi mfululizo, kuna jambo la kurekebisha. Sogeza kabati liache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Usianike nguo mbichi chumba cha kulala. Godoro, zulia au jipsam ikilowa, ikaushwe ndani ya siku moja au mbili. Baada ya hapo kuvu imeshaanza. Kuhusu kupulizia Jik ukutani, huondoa weusi na kutuliza roho, lakini ukuta ukiendelea kulowa kuvu itarudi, na moshi wa klorini katika chumba kilichofungwa unaweza kumbana mwenye pumu kuliko kuvu yenyewe. Sabuni, maji, brashi na ukaushaji hutosha kwa doa dogo. Manukato ya kupulizia kwenye mdomo wa kiyoyozi huficha harufu, na harufu ndiyo ilikuwa ikikuambia ukweli.

Linabaki suala la nani alipe, na ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu wakazi wengi wa miji yetu ni wapangaji. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita na mwezi wa dalali hana hamu ya kugharamia mashine ya mtu mwingine. Mwenye nyumba naye anasema aliikabidhi ikiwa nzima. Kuvu inapotokea, lawama humwangukia anayeishi humo: unapika sana, hufungui madirisha, unaanika nguo ndani. Lawama hii ilishasikika mahakamani Uingereza. Mtoto Awaab Ishak, wa miaka miwili, alifariki Desemba 2020 mjini Rochdale baada ya kuishi katika nyumba ya kupanga iliyojaa kuvu. Kuvu hiyo haikutokana na kiyoyozi. Ilitokana na unyevu na ukosefu wa hewa. Baba yake, mhamiaji kutoka Sudan, alianza kulalamika mwaka 2017 na akaambiwa apake rangi juu ya kuvu. Uamuzi uliotolewa Novemba 2022 ulisema kuvu ndiyo iliyosababisha ugonjwa wa njia ya hewa uliomuua. Sheria iliyopewa jina lake, iliyoanza kutumika kwa nyumba za jamii mwezi Oktoba 2025, inamtaka mwenye nyumba achunguze hatari kubwa ya unyevu na kuvu ndani ya siku 10 za kazi tangu aambiwe, na ashughulikie dharura ndani ya saa 24.

Hatuna haja ya kungoja sheria kama hiyo ili kuandika mkataba wa pango kwa akili. Karatasi ile ile inayotaja kodi, taka na ulinzi inaweza kuwa na mistari miwili zaidi: kwamba mwenye nyumba anakabidhi kiyoyozi kikiwa kimeoshwa ndani na bomba lake la maji likitoka nje ya jengo, na atagharamia usafishaji wa ndani walau mara moja kwa mwaka, na kwamba mpangaji ataosha machujio na kutoa taarifa siku anapoona ukuta umelowa. Wachora ramani za maghorofa wanaweza kuchora njia za maji ya viyoyozi tangu mwanzo, zenye mwinamo, badala ya kumwachia fundi atoboe ukuta popote na kuning'iniza bomba juu ya varanda ya jirani. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha majokofu na viyoyozi vinaweza kumtahini mwanafunzi kwa ngoma ya feni na trei, sawasawa na vinavyomtahini kwa gesi. Na zahanati, mzazi anapofika kwa mara ya tatu na mtoto yule yule mwenye kikohozi kile kile cha usiku, inaweza kumuuliza chumbani kuna kiyoyozi, na mara ya mwisho kilifunguliwa lini.